Tiketi ya Strasbourg Huanzia Wadi ya Ziwa

Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Novemba, Baraza la Ulaya huandaa Jukwaa la Dunia la Demokrasia mjini Strasbourg, Ufaransa. Mkutano huo ulianza mwaka wa 2012, na wajumbe vijana wanaoteuliwa kutoka pembe mbalimbali za dunia hugharamiwa nauli na malazi. Kijana wa Ziwa, huku Uasin Gishu, Kenya, anaweza kuomba nafasi hiyo, na naamini ana mambo ya kusema ambayo mwenzake wa Nairobi hana.

Wengi huangushwa na barua ya maombi. Huandika kwamba wanaipenda demokrasia na wanataka kuibadilisha dunia. Anayezisoma barua hizo anatafuta kazi: ulifanya nini, wapi, pamoja na nani, na kipi kilibadilika? Kazi hiyo ipo hapa nyumbani. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Lakini kikao cha bajeti kikiitishwa, mara nyingi vijana hupata habari watu wakiwa wameshatawanyika. Anayewaleta wenzake kikaoni, akauliza kwa nini barabara ya kusafirishia mahindi imeachwa nje ya bajeti, akayaandika majibu na kuyafuatilia mwaka mzima, huyo ana barua tayari. Ataje tarehe na idadi ya waliofika. Aeleze pia pale alipokataliwa, kwa sababu hapo ndipo msomaji huanza kumwamini.

Kuhusu fedha, uliza mapema: waandalizi hununua tiketi wenyewe, au unanunua wewe kisha unarudishiwa? Jambo hilo, ambalo huandikwa kwa mstari mmoja tu, humzuia mtoto wa mkulima kusafiri hata baada ya kuteuliwa. Ada ya visa ya Schengen ya kuingia Ufaransa, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hulipwa kwanza na hairudishwi ukinyimwa. Usingoje barua ya mwaliko ndipo uombe pasipoti. Ombi hujazwa kwenye eCitizen, na ofisi ya uhamiaji iko Eldoret.

Akitokea mtu wa kukutoza ada ya kukuwekea nafasi katika mkutano unaosemekana kugharamiwa kikamilifu, achana naye. Kaunti hii imeumia vya kutosha: mwaka wa 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipia mpango wa kuwapeleka wanafunzi kusoma Finland na Canada. Waandikie waandalizi moja kwa moja kabla ya kutuma hata shilingi.

Kwa safari ya kwanza, ningemshauri kijana atazame mikutano ya Afrika. Novemba 2024 vuguvugu la kimataifa la demokrasia, World Movement for Democracy, lilikutana Johannesburg, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila visa kwa ziara fupi. Gharama hupungua, na maswali atakayoulizwa huko kuhusu uchaguzi, ufisadi na polisi yatakuwa yale yale yanayozungumzwa sokoni Ziwa.