Kiwavi wa hariri ana saa yake, mkulima usichelewe

Kitambaa cha hariri kinapopita mbele ya macho, harusini au kwenye sherehe nyingine ya fahari, ni wachache wanaokumbuka kwamba kilitoka mwilini mwa mdudu. Na hata miongoni mwa wale wanaomfuga mdudu huyo, si wote wajuao kinachoendelea ndani yake. Kutojua huko kunaweza kumpotezea mkulima mavuno ya mwezi mzima kwa siku moja.

Kiwavi wa hariri hula kwa muda wa siku 25 hivi kabla ya kuanza kusokota. Katika muda huo hujivua ngozi mara 4, na uzito wake huongezeka takriban mara 10,000. Chakula chake ni kimoja tu: majani ya mforosadi, mti ambao wengi hapa nchini huuita malberi, na ambao watoto huujua kwa matunda yake meusi yanayowatia rangi midomoni.

Je, kwa nini anenepe kwa majani ambayo wadudu wengine huyaogopa?

Sumu kwa wengine, chakula kwake

Ukilikata jani la mforosadi utaona utomvu mweupe ukichuruzika. Mwaka wa 2006 wanasayansi wa Japani, akiwemo Katsuhiro Konno, walionyesha kwamba utomvu huo ni silaha ya mti. Ndani yake mna kemikali zinazofanana na sukari, nazo huvikwamisha vimeng'enya, yaani zile protini za mwili zinazovunjavunja chakula ili kitumike.

Viwavi wa eri, ambao pia hutoa hariri lakini hula majani ya mbarika, walipolishwa mforosadi walikufa. Majani hayo yalipokatwakatwa na kuoshwa hadi utomvu ukatoka, sumu nayo ikatoweka.

Jibu la kitendawili hicho lilipatikana mwaka wa 2008. Takaaki Daimon na wenzake huko Japani walieleza kuhusu jeni moja ya kiwavi wa hariri inayotengeneza kimeng'enya cha aina yake. Sukari ya kawaida ni kama mapacha wawili walioshikana mikono, mmoja glukosi na mwenzake fruktosi. Vimeng'enya vya wadudu wengi huwatenganisha kwa kushika upande wa glukosi, na huko ndiko sumu ya mforosadi huziba njia. Kimeng'enya hiki hushika upande wa fruktosi. Sumu ipo, lakini inalinda mlango usiotumiwa!

La kushangaza zaidi ni kwamba wadudu kwa kawaida hawana jeni ya namna hiyo. Wanasayansi wanaamini kwamba mababu wa kiwavi huyu waliipata kutoka kwa bakteria zamani sana.

Ramani moja, mafundi wengi

Jeni hiyo haifanyi kazi kila mahali mwilini. Daimon na wenzake waliikuta ikifanya kazi kwenye utumbo wa kati na kwenye tezi za hariri.

Hebu fikiria nyumba inayojengwa. Ramani ni moja, lakini mwashi husoma ukurasa wa kuta, seremala wa paa, na fundi wa bomba ukurasa wa maji. Ndivyo ulivyo mwili wa kiwavi. Karibu kila chembe yake hubeba ramani nzima yenye jeni zaidi ya 14,000, ambayo wanasayansi wa China na Japani walianza kuitangaza mwaka wa 2004. Lakini kila tishu hufungua ukurasa wake tu. Sehemu ya nyuma ya tezi ya hariri hutengeneza uzi wenyewe. Sehemu ya kati hutengeneza gundi ya kuushikanisha.

Tena kuna kurasa zinazongoja siku yake, na hapo ndipo penye shughuli ya mkulima.

Chelewa chelewa

Kiwavi akishashiba hujisokotea kifukofuko kwa siku 2 au 3, kwa uzi mmoja usiokatika unaoweza kufikia urefu wa kilomita moja. Humo ndani hugeuka kuwa pupa, kisha nondo. Lakini nondo hana meno ya kutafuna ukuta. Afanyeje?

Wakati wake ukikaribia, tishu fulani za mdomoni mwake hufungua ukurasa ambao kiwavi hakuwahi kuuhitaji. Hutengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha gundi ya kifukofuko. Nondo hulainisha ncha moja, akasukuma, akatoka.

Kwake huo ni uhuru. Kwa mkulima ni hasara, kwani kifukofuko kilichotobolewa hakiwezi tena kutoa ule uzi mmoja mrefu. Hubakia cha kusokotwa kama pamba, na bei yake hushuka. Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako.

Hii ndiyo sababu vifukofuko huvunwa kama wiki moja baada ya kiwavi kuanza kusokota, kisha hupigwa mvuke au hewa moto kabla nondo hajatoka. Ukivuna mapema mno, pupa bado ni laini. Hupasuka na kuchafua hariri.

Ukurasa usiotosha

Kiwavi anazo pia jeni za kupambana na sumu. Nyingi hufanya kazi kwenye utumbo na kwenye tishu ya mafuta, ambayo kwake ni kama ini kwetu. Akila dawa kidogo ya kuua wadudu, baadhi ya jeni hizo huongeza bidii. Lakini nguvu zake zina kikomo. Aliyeushinda utomvu wa mforosadi huuawa na dawa iliyonyunyiziwa nyanya za jirani na kupeperushwa na upepo hadi kwenye majani yake.

Kwa hiyo, usipande miforosadi karibu na tumbaku wala mashamba yanayopigwa dawa mara kwa mara. Usipulize dawa ya mbu katika chumba cha viwavi. Zungumza na jirani yako akuarifu siku anayopiga dawa.

Anayetaka kuanza anaweza kutafuta ushauri katika kituo cha serikali cha utafiti wa hariri kilichoko Thika, au ICIPE, Kasarani, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo.

Lakini hata kabla ya safari hiyo, nunua daftari na kalenda. Andika siku viwavi walipoanza kusokota, maana kuanzia siku hiyo saa ya nondo imeanza kuhesabu, nayo haimngoji mtu.