Pingu katika Hadithi za Mahaba: Usomaji wa Masasi na Newala
Mkusanyiko wa hadithi za ashiki kuhusu wapenzi wanaofungana kamba kwa ridhaa hausomeki Masasi kama usomekavyo kwingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwandishi wa sarufi ya Kiswahili, aliwapeleka huko watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja; mwaka 1882 Wangoni wakakivamia kijiji hicho, wakachukua mateka, na misheni ikahamia Newala. Penye kumbukumbu hiyo, kamba si mchezo. Hata hivyo, Kiswahili husema, tena kwa vigelegele, kwamba maarusi wamefunga pingu za maisha. Tofauti imo katika kauli ya kitenzi: mateka hufungwa, maarusi hufunga. Kauli ya kutendana ndiyo yenye utata: "wanafungana" hudokeza usawa hata pale ambapo mmoja tu ndiye aliyeshika kamba.