Historia ya Ulaya katika biblioteki za intaneti: namna ya kutafuta na namna ya kupima

Mafratri wanaoandika kazi juu ya historia ya Ulaya, au juu ya historia ya Kanisa katika nchi zile, wana lalamiko moja: vitabu havipo. Rafu za seminari zina vitabu vichache, na vingine vimekwisha kuliwa na mchwa. Biblioteki kubwa ziko Paris, Roma na Bruxelles, na nauli ya kwenda huko hatuna. Miaka thelathini iliyopita lalamiko hili lilikuwa la haki kabisa. Leo ni la haki nusu tu. Biblioteki zile zile zimepiga picha vitabu vyao, ukurasa kwa ukurasa, na kuviweka katika intaneti, na nyingi hazidai hata franka moja. Mwenye ordinateri, au mwenye simu na mega kidogo, anaweza kusoma leo andiko ambalo zamani profesa wa Ulaya mwenyewe alilifunga safari ili alione.

Lakini mlango kuwa wazi ni neno moja. Kujua chumba cha kuingia ni neno lingine. Tutaeleza mambo manne: tunatafuta nini, tutafute wapi, tutafute namna gani, na tupime namna gani kile tulichokipata.

1. Chemchemi na mto

Wanahistoria wanatenga maandiko katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni chemchemi (fontes): barua, mikataba, hesabu, magazeti, taarifa za mikutano, maandiko ya watu waliokuwako wakati ule ule. Fungu la pili ni vitabu vya wataalamu waliokuja nyuma, wakasoma chemchemi hizo, wakazipanga na kuzieleza. Hivyo ni kama mto: maji yake yametoka kwenye chemchemi, lakini njiani yamechukua udongo wa kila bonde yalimopita.

Mwanafunzi anahitaji yote mawili. Bila vitabu vya wataalamu atapotea katikati ya makaratasi elfu. Bila chemchemi atabaki kurudia tu maneno ya watu wengine, na makosa yao pia. Zamani mwanafunzi wa kwetu hakuwa na la kuchagua. Alikunywa maji ya mto tu. Hilo ndilo lililogeuka.

2. Mahali pa kubisha hodi

Kwa sisi tunaosoma Kifaransa, mlango wa kwanza ni Gallica, biblioteki ya intaneti ya Biblioteki ya Taifa ya Ufaransa. Ilifunguliwa mwaka 1997, na sasa ina mamilioni ya maandiko: vitabu, magazeti, ramani, picha, tena vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Biblioteki ya Kifalme ya Ubelgiji nayo imeweka magazeti ya kale ya nchi yake katika sehemu iitwayo BelgicaPress. Europeana, iliyofunguliwa mwezi wa Novemba 2008, inatafuta mara moja katika hazina za nchi nyingi za Ulaya. Siku ile ya kwanza watu walikuja wengi mno hata mashini zake zikashindwa, ikabidi kuifunga kwa muda.

Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ina vitabu vingi vya kale vya lugha zote. Kwa habari za bunge, taarifa za bunge la Ujerumani, Reichstag, zimewekwa na Biblioteki ya Taifa ya Bavaria, mjini München. Zile za bunge la Uingereza, ziitwazo Hansard, zinasomwa kutoka mwaka 1803.

Kwa historia ya Kanisa, Biblioteki ya Vatikano inaonyesha maelfu ya vitabu vyake vya mkono katika sehemu iitwayo DigiVatLib. Acta Apostolicae Sedis, kutoka mwaka 1909, zinasomwa katika nyumba ya intaneti ya Vatikano, pamoja na Acta Sanctae Sedis zilizozitangulia. Patrologia Latina ya padri Migne inapatikana katika Gallica na katika Internet Archive. Chuo Kikuu cha Fordham cha New York, chuo cha Wayezuiti, kina mkusanyo mkubwa wa chemchemi zilizochaguliwa kwa ajili ya wanafunzi. Uko kwa Kiingereza, nao ulianzishwa mwaka 1996.

Hizo ni chemchemi. Kwa kazi za wataalamu wa siku hizi, tazameni Persée na OpenEdition, ambazo zina makala za majarida ya Kifaransa. Jarida moja moja linalosomwa bure hutafutwa katika orodha iitwayo DOAJ. Kwa JSTOR, ambayo kwa kawaida inalipwa, mkuu wa biblioteki ya seminari au ya chuo kikuu aandike na kuuliza masharti waliyowekewa vyuo vya Afrika.

Angalieni neno moja: orodha si kitabu. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, linatunza makaratasi ya Stanley, na orodha yake inasomwa katika intaneti. Orodha inakuambia kwamba barua fulani iko, na iko katika sanduku gani. Kuisoma barua yenyewe ni jambo lingine. Hata hivyo usidharau orodha: mtu akijua jina na namba ya andiko, anaweza kuandika na kuomba picha yake.

3. Mfano mmoja: Mkutano wa Berlin

Tuseme fratri mmoja amepewa kazi juu ya Mkutano wa Berlin. Amesikia tangu shule ya msingi kwamba wakubwa wa Ulaya walikaa mezani, wakakunjua ramani, wakashika rula na kukata Afrika kama keki. Atafanya nini?

Kwanza atageuza kichwa cha habari kuwa swali. «Mkutano wa Berlin» si swali. «Je, mipaka ya Kongo ilikatwa na Mkutano wa Berlin?» ni swali. Mwenye swali anajua kurasa za kuruka. Asiye na swali anamaliza mega zake bure.

Pili atatafuta maneno ambayo watu wa wakati ule waliyatumia. Akiandika «partage de l'Afrique», atapata zaidi vitabu vya watu wa nyuma. Akiandika «Acte général», «Conférence de Berlin», «Association internationale du Congo», tena akiweka miaka 1884 mpaka 1886, atapata maandiko yenyewe. Serikali ya Ufaransa ilichapa wakati ule kitabu cha habari hizo, katika vile vitabu vya serikali vilivyoitwa Livres jaunes, kwa jina la «Affaires du Congo et de l'Afrique occidentale».

Tatu atasoma. Mkutano ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885. Dola zilizokaa zilikuwa 14: za Ulaya, pamoja na Uturuki na Marekani. Mwafrika hakuwako hata mmoja. Mkataba una sura saba na vifungu 38. Unasema juu ya biashara huru katika bonde la Kongo, juu ya biashara ya watumwa, juu ya kutoshiriki vita, juu ya vyombo vya safari katika mto Kongo na katika mto Niger. Sura ya sita, yenye vifungu vya 34 na 35, inaweka masharti kwa dola itakayotwaa nchi mpya pwani ya Afrika: itangaze kwa wengine, na iwe na mamlaka ya kweli pale. Mistari ya kugawanya Afrika yote haimo.

Basi mipaka ilitoka wapi? Fratri wetu ataendelea kupekua, naye atakuta mikataba mingine, ya watu wawili wawili. Chama cha Mfalme Leopold wa Pili kilitambuliwa na Marekani tarehe 22 Aprili 1884, na Ujerumani tarehe 8 Novemba 1884, kabla mkutano haujafunguliwa. Uingereza ilifuata tarehe 16 Desemba. Ufaransa ilipatana nacho tarehe 5 Februari 1885, na Ureno tarehe 14 Februari, na katika mapatano hayo mawili mipaka iliandikwa. Mambo hayo yalifanyika siku zile zile za mkutano, lakini nje ya meza yake. Kwa hiyo Berlin haikukosa kazi: iliwakusanya wanunuzi sokoni. Lakini anayetaka kujua nani alikata mpaka, asome mikataba ya wawili wawili, pamoja na mingine mingi iliyofuata baada ya 1885.

Atakuta na jambo ambalo hakulitafuta. Katika taarifa ya siku ya kwanza, mjumbe wa Uingereza, Sir Edward Malet, anakumbusha kwamba wenyeji wa nchi zile hawana mtu wa kuwasemea katika baraza lile. Na tarehe 31 Januari 1885 mjumbe wa Marekani, John Kasson, anaomba kwamba nchi isitwaliwe bila wenyeji wake kukubali kwa hiari yao. Neno lake liliandikwa katika taarifa, likaishia hapo. Halikuingia katika mkataba. Kumbe wakubwa wale hawawezi kusema kwamba hawakukumbushwa. Mtu akisoma hayo kwa macho yake mwenyewe, hatasahau tena. Wala hatahitaji hadithi ya keki. Ukweli ulioandikwa una uzito kuliko hadithi.

4. Hatari tatu

Hatari ya kwanza ni hii: vitabu vya bure ni vya kale. Katika nchi za Ulaya haki ya mwandishi inadumu miaka 70 baada ya kufa kwake. Ndiyo maana kitabu cha 1890 kinasomwa bure, na kitabu cha 2015 mara nyingi kimefungwa. Sasa fikirini: mwanafunzi anayesoma vya bure tu atatazama dunia kwa macho ya watu wa 1890. Atawasikia wasafiri na maofisa wakisema juu ya babu zetu maneno ambayo leo hakuna mtaalamu anayeyakubali. Vitabu hivyo ni chemchemi nzuri kwa kujua waandishi wao waliwaza nini. Si mashahidi wazuri kwa kila jambo walilolisimulia. Dawa yake ni kuweka pembeni yao makala za siku hizi za Persée na OpenEdition.

Hatari ya pili: kilichochapwa kilichaguliwa. Serikali iliyotoa kitabu cha barua zake ilitoa barua ilizotaka zisomwe. Kwa hiyo usitosheke na kitabu cha Paris. Tafuta na cha London. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilichapa taarifa ya konsuli wake Roger Casement juu ya mateso ya watu katika nchi ya Mfalme Leopold, nayo inasomwa bure leo. Isome, kisha utafute wapinzani wake walijibu nini. Mashahidi wawili wanaopishana wanafundisha kuliko mmoja anayesifiwa na wote.

Hatari ya tatu ni mashini yenyewe. Kitabu kikipigwa picha, mashini nyingine inasoma herufi zake ili watu waweze kutafuta neno ndani. Mashini hiyo inakosea, hasa kwa herufi za kale za Kijerumani. Usipoliona neno unalolitafuta, usiseme halimo. Jaribu maandishi mengine ya jina lile, au fungua ukurasa na kusoma picha. Tena siku hizi ziko mashini zinazojibu maswali kama mtu. Zinaweza kukutajia kitabu kizuri chenye mwandishi na mwaka, kumbe kitabu hicho hakikuandikwa kamwe. Kila kitabu unachotajiwa kitafute kwanza katika orodha ya biblioteki ya kweli. Kisipoonekana huko, kiache.

5. Kuandika mahali ulipopata

Andiko ambalo msomaji wako hawezi kulifikia ni kama shahidi asiyefika barazani. Kwa hiyo, kabla ya kufunga ukurasa, andika katika daftari: jina la mwandishi, jina la kitabu, mji na mwaka wa kuchapwa, namba ya ukurasa, biblioteki iliyokitoa, na siku ulipokisoma. Gallica inatoa kwa kila andiko anwani isiyobadilika. Nakili hiyo, si ile ndefu inayoonekana baada ya kutafuta. Na pale panapokubaliwa, shusha kurasa unazozihitaji uzitunze, kwa maana umeme unakatika, na mega zinaisha katikati ya sentensi. Heri mafratri watatu wapatane: mmoja ashushe, wote watatu wasome. Haba na haba hujaza kibaba.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Biblioteki za intaneti hazikuondoa kuinama. Zimesogeza kitanda karibu nasi. Kazi ya kusoma polepole, kulinganisha na kupima imebaki ile ile ya zamani, na hakuna mashini itakayotufanyia. Lakini mwaka 1885 watu walisema habari za nchi hii mbali nayo, na wenyeji hawakusikia hata neno. Leo taarifa za baraza lile zinaweza kufunguliwa Kasongo, Bukavu au Lubumbashi. Ni haki yetu kuzisoma wenyewe, na ni wajibu wetu kuzisoma vizuri.