Waya wa Getini

Sanduku la kurekodia picha, lile sisi mafundi tunaloliita DVR, lilikuwa wazi mezani. Karibu na tundu la waya wa kamera, chipu moja ilikuwa imepasuka na kuacha doa la masizi. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Bukoba, akaniuliza: "Fundi, si nina friji gadi? Mbona taa yake bado inawaka?"

Ilikuwa inawaka kweli. Friji gadi, kile kifaa cha kwenye soketi, ililinda mlango ambao mwizi hakuupitia. Usiku ule radi ilipiga mparachichi wa jirani, hatua chache kutoka getini, na kutoka getini waya wa kamera ulikuwa umefukiwa mita 60 hadi sebuleni.

Wengi hudhani radi haidhuru mpaka iguse waya. Radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000, na hufika kileleni ndani ya mikrosekunde chache, yaani sehemu za milioni za sekunde. Mkondo unaopanda kwa kasi hiyo huamsha umeme katika waya wowote mrefu ulio jirani. Tena ardhi ya getini hupanda volti kwa kitambo kuliko ardhi ya nyumbani, na waya wa kamera ndio daraja kati ya hizo mbili. Kamera nyingi hutumia volti 12. Zikija mamia, chipu haina pa kukimbilia.

Friji gadi ina kazi yake nyingine: umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, au waya wa nyutro ukiachia nguzoni na soketi ya volti 230 ikapanda kuelekea 400. Hapo huwahi kukata. Kwa radi, inapoanza kushtuka mambo yamekwisha zamani.

Ndiyo maana kinga ya msukumo hufungwa kwenye waya wa kamera wenyewe, huku na huku. Volti zikiwa za kawaida hunyamaza. Zikizidi, hufungua njia ya kwenda ardhini. Bila ethi, yaani njia hiyo ya ardhini, ni pambo tu, na nimeshakuta waya wa kijani umezungushwa kwenye msumari wa ukutani, eti ethi! Ethi ya nyumba na ya kinga ziunganishwe ziwe kitu kimoja, na waya wake uwe mfupi, ulionyooka: mkondo ukipanda ampea 1,000 kwa mikrosekunde, kila mita ya waya huo hubakiza karibu volti 1,000. Fundi anayeuviringisha uliobaki ili upendeze anaiua kinga yake mwenyewe. Na kinga huchoka; kila radi inayomezwa huila kidogo.

Kuchomoa plagi mawingu yakitanda? Kwa televisheni, sawa. Kwa kamera sikushauri: mvua ikipiga bati hakuna anayesikia kufuli likivunjwa, na wezi wanalijua hilo. Isitoshe, ngurumo za Ziwa Victoria huja sana usiku, wenyewe mmelala.

Pale Bukoba niliufukua waya wote wa shaba, nikalaza faiba. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo daraja likavunjika. Kamera mpya ya getini inakula sola yake ndogo na betri, haina undugu na soketi ya sebuleni. Ikabaki nondo ya ethi ya nyumba, nayo ilitupa tabu. Mara mbili ikagonga mwamba, ya tatu ikazama karibu na karo la maji, kwenye udongo wenye unyevu. Friji gadi tuliiachia friji.