Joho, Vitabu na Shuka la Mama

Leo tufungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, mlango wa nne. Mtume Paulo yu kifungoni, mwisho wake umekaribia, naye anaagiza vitu viwili. Anataka aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na anataka vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Nguo na maandishi. Wahubiri wengi hupita mahali hapo upesi, kwa maana maneno yenyewe yafanana na agizo la dukani. Lakini huku kwetu Turkana hatuwezi kupita upesi. Katika kambi ya Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa Lodwar, wako kina mama waliovuka mpaka na vitu hivyo hivyo viwili: shuka lililodariziwa kwa mkono, na barua iliyokunjwa mara nne.

Nasema haya kwa sababu ya maswali ninayoletewa. Vijana waliolelewa Kakuma, ambao leo wako Marekani, Kanada au Australia, huuliza: Sisi tulitoka wapi hasa? Babu alifia wapi? Mbona mama hasemi? Naye mama akiulizwa hivyo hujibu, "Yalipita," kisha huinuka kwenda kutazama sufuria. Kijana hudhani mama amesahau. Hakusahau. Ameulizwa kwa mlango usiofunguka.

Tukumbushane kidogo habari yenyewe. Vita ya pili ya Sudan ilianza mwaka 1983. Mwaka 1987 maelfu ya watoto, wengi wao wavulana, walikimbilia Ethiopia kwa miguu. Serikali ya Mengistu ilipoanguka mwezi wa Mei 1991, wakarudishwa njiani tena. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, watu wengi waliuawa katika nchi ya Bor, na waliosalia wakashuka kusini. Mei 1992 mji wa Kapoeta ukatekwa, watu wakaja Narus, kisha Lokichogio, kisha Kakuma, ambako kambi ilifunguliwa mwaka huo wa 1992. Amani ilitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, Sudan Kusini ikawa taifa tarehe 9 Julai 2011, na Desemba 2013 vita vingine vikazuka. Hayo yamo vitabuni. Lakini kitabu hakitakuambia ni nani aliyembeba dada yako mgongoni kutoka Narus.

Sasa tuje kwenye shuka. Kina mama wa Sudan Kusini huliita milaya, neno lililotoka katika Kiarabu. Ni shuka la kitanda, mara nyingi jeupe au la rangi moja, lililojazwa maua, ndege na tausi kwa uzi wa rangi, na pindo lake pengine hufumwa kwa kulabu, kama vile vitambaa tunavyotandika juu ya viti sebuleni. Binti huyaandaa kwa ajili ya ndoa yake. Mgeni wa heshima hutandikiwa. Na wakati wa kukimbia, shuka lile lile hufungwa pembe nne likawa mfuko: ndani yake nafaka, sufuria, na wakati mwingine mtoto. Ndiyo maana mashuka mengine ya zamani yana alama ya mikunjo pembeni isiyotoka hata kwa pasi. Usiione alama hiyo kuwa kasoro. Hapo ndipo fundo lilipokuwa.

Barua nazo ni za namna ya peke yake. Kwa miaka mingi hapakuwa na posta kati ya Kakuma na vijiji vya Sudan Kusini, wala simu. Barua zilipitia Msalaba Mwekundu. Ni karatasi iliyopigwa chapa, yenye mahali pa kuandika jina la mwandishi, jina la baba yake, jina la mama yake, mahali alipozaliwa, kisha habari hizo hizo za mpokeaji. Chini yake nafasi ndogo ya maneno. Barua haifungwi kwa gundi, kwa maana husomwa njiani, nayo haina ruhusa kutaja vita, jeshi wala siasa. Ni habari za jamaa tu. Asiyejua kuandika huandikiwa. Basi utaona barua nyingi zafanana: tuko wazima, fulani anakusalimu, fulani anakusalimu, tujulishe hali yako.

Kijana aliyesoma chuo kikuu akiifungua barua kama hiyo huvunjika moyo. Asema, haina kitu. Mimi nasema ina vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni ile sehemu ya juu. Wakimbizi wengi waliandikiwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani alihitaji tarehe na hapakuwa na tarehe. Vitambulisho vimejaa siku hiyo moja, kana kwamba taifa zima lilizaliwa Mwaka Mpya! Lakini katika barua ile, mtu wa ukoo mwenyewe ndiye aliyetaja majina ya wazazi na jina la kijiji, kama yanavyoitwa nyumbani. Cha pili ni orodha ya salamu. Soma waliotajwa, kisha uulize ni nani hakutajwa.

Jambo hili la kusema kwa kitambaa pale kalamu inapozuiwa si la Wasudani peke yao. Singapore ilipotekwa na Wajapani tarehe 15 Februari 1942, raia wa kigeni wakafungwa katika gereza la Changi, wanaume upande wao na wanawake na watoto upande wao, wala hawakuruhusiwa kupelekeana habari. Wanawake wakaanza kudarizi vipande vidogo vya kitambaa, kila mmoja kipande chake chenye jina lake, kisha wakaviunganisha kuwa blanketi la viraka, yaani mfarishi. Wakafanya mifarishi mitatu, kila mmoja una vipande 66. Waliomba ipelekwe hospitalini kwa ajili ya majeruhi, na kwa njia hiyo ikawafikia wanaume. Mume aliyeliona jina la mkewe alijua jambo moja alilotaka kujua: yu hai. Miwili ya mifarishi hiyo imehifadhiwa katika jumba la kumbukumbu za vita la Australia, na mmoja uko kwa Msalaba Mwekundu wa Uingereza. Wanawake wale hawakuandika neno juu ya njaa. Walidarizi maua, nyumba, na majina yao.

Basi turudi Kakuma. Yuko mama mmoja mzee, wa nchi ya Bor, ambaye shuka lake lina ndege wawili wawili katika kila pembe, ila pembe moja ina ndege mmoja tu. Binti yake alikua akiamini kwamba ndege yule wa peke yake ni baba, aliyebaki vitani. Ni maelezo mazuri, na mhubiri angeyapenda. Siku moja binti akamwuliza mama, siyo maana ya ndege, bali uzi ulitoka wapi. Mama akacheka, akasema uzi wa manjano uliisha. Kwa nini uliisha? Kwa sababu aliyekuwa akiuleta ni dada yake mkubwa, aliyeununua sokoni Kapoeta, na mwingine akaufumua kutoka sweta kuukuu. Dada huyo yuko wapi? Hapo mama akanyamaza muda, kisha akafungua mfuko wa nailoni akatoa barua. Dada alibaki Narus kumngojea mumewe. Barua ilifika miaka minne baadaye, nayo imeandikwa kwamba sote tu wazima. Salamu zatoka kwa watoto watano, kila mmoja kwa jina. Jina la mume halimo. Mama alisema aliisoma barua ile mara moja tu, akajua, akaanza matanga bila kuambiwa na mtu.

Sikilizeni hapo, ndugu zangu. Maua hayakusema. Barua haikusema. Vilipowekwa pamoja, na mwenyewe yupo, ndipo habari ikatoka. Shuka peke yake litakuletea hadithi ya kubuni, kama ile ya ndege. Barua peke yake itakuambia kwamba hapakuwa na msiba. Na mwenyewe hatakaa milele. Kina mama waliovuka mwaka 1992 wakiwa na watoto mgongoni, leo ni nyanya, na kila mwaka twawazika baadhi yao.

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa tisa, Petro alipofika Yafa, wajane walimzunguka wakilia wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona Dorkasi. Hawakumsimulia maisha yake. Walionyesha nguo. Nami naona ndiyo njia inayofaa kwa wanaotaka kuwauliza wazee wao. Usianze kwa kusema, mama nieleze habari za vita. Tandika shuka kitandani mchana, penye mwanga. Uliza: nani alikufundisha mshono huu? Mlikuwa wangapi mkidarizi? Kitambaa kilinunuliwa au kilibadilishwa kwa nini? Ulianza pembe gani, na ulipofika hapa mlikuwa mahali gani? Swali la mkono hujibika, na mkono hukumbuka mengi ambayo kinywa hakitaki. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimkimbize kwa maombi marefu ili anyamaze. Mwache alie, umletee maji. Na yale atakayokuambia si mali ya mimbari. Wako wachungaji wenzangu ambao wakisikia habari kama hizi Jumamosi huzihubiri Jumapili pamoja na jina la mwenyewe. Jambo hilo silipendi hata kidogo.

Ndugu zangu Waturkana mtasema, hayo ni ya wageni, sisi hatuna mashuka wala barua. Si kweli yote. Mwaka 1941 askari wa King's African Rifles walipita Lokitaung wakielekea mpaka wa Ethiopia kupigana na Waitalia, na katika vita ile Waafrika wa Mashariki zaidi ya 300,000 waliingia jeshini. Nyumba ambayo babu alikuwamo pengine ina medali ndani ya kikopo, au karatasi aliyoandikiwa na karani wa jeshi. Nazo zilisomwa na mkaguzi kabla ya kutumwa, basi zisome kama zile za Kakuma, ukitafuta lisilotajwa. Lodwar ni mji unaojua barua zinazosomwa na wengine: Mzee Kenyatta alizuiliwa hapa tangu 1959 hadi 1961, baada ya miaka ya kifungo Lokitaung. Na pale pasipo karatasi yako majina. Nakiru na Lokiru walizaliwa mvua ikinyesha, na mzee anayejua ni mvua ipi atakuambia mwaka ule watu walikuwa wamehamia wapi, na walikuwa wakimkimbia nani. Mavazi ya ngozi ya nyanya yana shanga ambazo yeye huzijua moja moja. Uliza maswali yale yale.

Neno juu ya kutunza. Mchwa wa Kakuma hawajali historia, na mto Tarach ukifurika hauchagui nyumba. Weka barua ndani ya bahasha safi, bahasha ndani ya kikopo chenye mfuniko, na kikopo kisikae chini wala kisigusane na bati, kwa maana joto la bati hukausha karatasi mpaka ikavunjika mikunjoni. Usiibandike gundi wala usiitie ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho. Majina ya watu uyaandike kwa penseli kwenye karatasi nyingine, wala usiandike juu ya barua yenyewe. Shuka likunje mahali papya kila mara, ili uzi usikatike pale pale. Lianikwe kivulini; jua letu hula rangi. Kisha piga picha vyote viwili kwa simu, pamoja na mikono ya mama ikishika pindo kama anakubali, na umtumie yule aliye mbali. Sauti yake pia yarekodiwa na simu hiyo hiyo, kwa lugha yake mwenyewe, si kwa Kiswahili wala Kiingereza.

Na kama jina lililokosekana katika barua halijajulikana mwisho wake hata leo, kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana haijafungwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya huifanya Kakuma, bila malipo. Kazi yenyewe ni ya zamani. Wakati wa vita ya 1914 kadi za wafungwa zilizokusanywa Geneva zilifika milioni saba. Ukienda ofisini, usiende na jina la mjomba kama lilivyo sasa katika pasipoti za watoto wake. Chukua barua ile ya zamani uende nayo. Jina lake lilivyoandikwa wakati ule, na jina la mama yake, na kijiji, ndivyo watakavyomtafuta.