Midomo Imefunga, Sauti Bado Inakuja

Video ya harusi inaanza vizuri. Tarumbeta zinalia, na mashavu ya wapigaji yanavimba kwa wakati uleule. Ikifika saa ya pili, wakati wa kukata keki, MC ameshashusha maikrofoni lakini bado anasikika akiwataja wazazi wa bwana harusi. Ndugu waliotumiwa faili hilo wanailaumu simu. Simu haina kosa. Aliyeibadilisha video ili iwe nyepesi ndiye aliyeitia kasoro, na huenda hata hakujua, maana aliangalia dakika ya kwanza tu akaridhika.

Ndani ya faili la MP4 au MKV, picha na sauti hukaa mbalimbali. Ni mikondo miwili iliyofungwa pamoja, kila mmoja ukiwa na alama zake za muda zinazoieleza programu lini fremu hii ionyeshwe na lini mlio huu usikike. Kubadilisha faili ni kuifungua mikondo hiyo, kuishughulikia kila mmoja peke yake, kisha kuifunga upya. Alama za muda zikipotea au zikipuuzwa njiani, kila mkondo hushika njia yake.

Je, mtazamaji huanza kuona kasoro wapi? Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa viwango vyake mwaka 1998: sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, watu hutambua; ikichelewa, hawatambui mpaka ifike kama milisekunde 125. Tofauti hiyo ina sababu. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, na mwanga huiacha mbali sana. Mpasua kuni aliye ng'ambo ya bonde huonekana ameshusha shoka kabla mlio haujafika, na hakuna anayeshangaa. Mlio kutangulia shoka ndilo jambo ambalo macho na masikio hayajawahi kukutana nalo.

Fundi anayejua kazi haanzi kwa kugusa kitu. Anaangalia dakika ya kwanza, anaruka katikati, kisha anakwenda mwisho. Pengo likiwa lilelile mahali pote, tatizo ni dogo. Likianza kama uzi na kuishia sekunde nzima, hilo ni tatizo lingine kabisa, na dawa ya lile la kwanza haitalifaa. Wengi hukwama hapa: wanasogeza sauti mpaka mwanzo ulingane, mwisho unaharibika, wanalinganisha mwisho, mwanzo unaharibika.

Pengo lisilobadilika mara nyingi hutokana na sehemu ya mwanzo kukatwa upande mmoja tu, au na kodeki ya sauti, yaani mfumo wa kuibana sauti. AAC, kwa mfano, huhitaji sampuli kadhaa za ukimya mbele kabla ya sauti yenyewe. Programu isiyojua kuziondoa huichelewesha sauti kidogo. Katika VLC, programu ya kuchezea video, kwenye Windows, herufi J na K huisogeza sauti kwa milisekunde 50 kila zinapobonyezwa. VLC haibadilishi faili, lakini inampa fundi kipimo anachokihitaji. Kipimo hicho huandikwa katika programu ya MKVToolNix, au katika FFmpeg kwa chaguo la itsoffset, na faili hufungwa upya bila picha kusindikwa tena. Ubora haupungui hata chembe.

Pengo linalokua lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1953 Marekani ilipopitisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, kasi ya fremu 30 kwa sekunde ilipunguzwa ikawa 29.97, ili ishara ya rangi isigongane na ile ya sauti. Nchi za mfumo wa PAL, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilitumia 25. Sinema nayo ilikuwa na 24 yake. Mtu akichukua picha za 29.97 akaiambia programu ni 30, kila saa moja sauti itabaki nyuma kwa sekunde 3.6. Kati ya 24 na 25 ni balaa zaidi. Msimulizi wa filamu, katika kazi iliyompa jina DJ Afro nchini Kenya au Lufufu nchini Tanzania, akirekodi sauti yake juu ya nakala ya fremu 25, kisha sauti hiyo ikapachikwa kwenye nakala ya fremu 24 ya filamu ya dakika 90, atakuwa amemaliza kusimulia dakika tatu na nusu kabla adui hajaanguka.

Simu zimeongeza mkorogo wao. Nyingi hurekodi kwa kasi isiyotulia: ukumbi ukiwa na giza, kamera hupunguza fremu ili ipate mwanga wa kutosha. Programu ya uhariri ikidhani ni 30 mwanzo hadi mwisho, picha zinaisha mapema na sauti inabaki ikiburuzwa nyuma. Harusi nyingi za usiku huharibikia hapo. Dawa ni kulipitisha faili halisi la simu kwenye HandBrake kabla ya uhariri, na kuchagua kasi ya fremu isiyobadilika. Programu hurudia fremu pale zilipopungua, na muda unabaki wa kweli. Ni faili halisi, si nakala iliyokwisha kupita WhatsApp.

Kabla ya yote hayo, faili lisikilizwe kwa waya. Spika na vifaa vya masikioni vya Bluetooth huchelewesha sauti, na si kila programu hufidia. Kuna mafaili mazima yaliyoharibiwa na watu waliokuwa wakiyatibu ugonjwa wa spika.

Wanaorekodi sauti kwa kifaa tofauti na kamera wana njia ya watengenezaji wa sinema: kofi moja mbele ya lenzi mwanzoni, na jingine mwishoni. Tuseme kati ya makofi hayo picha ina sekunde 3,600 na sauti ina 3,603.6. Ukigawanya, unapata 1.001. Sauti inatakiwa kuharakishwa kwa asilimia 0.1, kazi ambayo Audacity huifanya kwa kubadilisha tempo bila kuifanya sauti ya shehe au mchungaji iwe nyembamba. Kisha kofi la kwanza linawekwa juu ya fremu ambayo viganja vimegusana, na la pili linakaguliwa kama limefika mahali pake.