Kuunganisha Si Kuchanganya

Karani anayeandika barua kwa Kiingereza ana neno moja tu la Kiswahili kichwani, nalo ni kuunganisha, na mbele yake maneno matano au sita ya Kiingereza, kila moja likidai ya kuwa ndilo maana yake. Aghalabu huchagua lile lililo refu, akidhani ya kuwa neno refu lina heshima zaidi. Huko Meru na Embu kosa hilo laweza kumrudisha mkulima nyumbani bila haja yake kutimizwa, kwa maana katika mambo ya ardhi kila neno lina sheria yake.

Neno linalojulikana kuliko yote katika sehemu hizo ni "consolidation". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu kigumu kilichoshikamana. Lilienea pamoja na mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954. Kabla ya hapo mtu mmoja aliweza kuwa na kipande cha ardhi juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, kingine katikati penye migomba, na kingine chini kwenye joto, alikopanda mawele na mtama. Maofisa walipima vipande vyote, wakajumlisha ukubwa wake, wakatoa sehemu kidogo kwa ajili ya barabara, shule na masoko, kisha mwenyewe akapewa shamba moja mahali pamoja. Ni dhahiri basi ya kuwa udongo haukuhama. Kilichokusanywa ni haki ya mtu, na huenda akapewa shamba mahali ambapo hakuwahi kupiga jembe.

Faida ilikuwapo: mtu mwenye shamba moja, na hati yake mkononi, aliweza kupanda kahawa au majani ya chai bila kupoteza siku nzima akipanda na kushuka mlima. Lakini hasara nayo ilikuwapo, na wazee hawakuisahau. Jua lilipounguza mawele ya chini, ndizi na viazi vya juu viliokoa watoto na njaa. Aliyepewa shamba moja alipoteza kinga hiyo. Tena kazi hiyo ilianza katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, na wapo watu waliokuwa kizuizini wakati vipande vyao vilipokuwa vikipimwa.

Sasa chukua mfano wa mkulima wa Imenti mwenye mashamba mawili yanayopakana, kila moja na hati yake, naye ataka yawe shamba moja. Karani akimwandikia ombi la "consolidation" amekosea. Hiyo ni kazi ya eneo zima, yenye kamati ya wenyeji na tangazo la serikali. Haifanywi kwa ajili ya mtu mmoja. Neno linalomfaa ni "combination", ambalo asili yake ni kufunga viwili viwili, kama ng'ombe katika nira. Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya mwaka 2012 yaeleza ya kwamba mashamba hayo sharti yapakane, yawe ya mwenyewe mmoja, na yawe na haki na madeni yale yale. Kama moja limewekwa rehani benki na la pili halina deni, au moja lingali kwa jina la baba aliyekwisha kufariki, msajili hawezi kuyaunganisha hata barua ikiandikwa kwa Kiingereza cha namna gani.

Neno la tatu, "amalgamation", hutumiwa na wapangaji wa ardhi, lakini mkulima hulisikia zaidi katika mkutano wa chama cha ushirika. Lilitoka kwa watu wa madini, waliotia zebaki kwenye dhahabu hata vitu viwili vikawa donge moja. Basi vyama viwili vya kahawa vikifanya hivyo, vyote viwili hufa, na kipya huzaliwa, kikirithi mali na madeni pia. "Union" sivyo. Humo kila chama hubaki na jina lake, wanachama wake na kamati yake, na vyote pamoja huweka chombo kimoja juu yao. Mwanachama anayeinua mkono mkutanoni yafaa aulize kwanza ni lipi kati ya hayo mawili linalopigiwa kura, maana baada ya la kwanza deni la jirani huwa ni lake.

Asiyeweza kukumbuka Kilatini na atazame chungu cha nyumbani. Katika githeri, mahindi na maharagwe yamepikwa pamoja, lakini mtoto mchaguzi aweza bado kutoa haragwe moja moja. Katika mukimo hakuna awezaye kutenga chochote.

Yabaki maneno mawili ya kahawa yenyewe, zao ambalo Waafrika wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika Kenya kuruhusiwa kulipanda, katika miaka ya 1930. "Blend" ni kazi ya mwenye kukaanga, ambaye huonja, hupima, kisha hutia kahawa ya Kenya yenye ukali na harufu nzuri pamoja na kahawa nyingine iliyo laini, kama ya Brazil, kwa kadiri anayoijua. "Mix" yaweza kuwa kazi ya mtu yeyote asiyejali. Mchumaji aliyechoka akitia buni mbichi au zilizokauka mtini pamoja na nyekundu zilizoiva vizuri, amechanganya; na kiwandani mzigo wake humwagwa chini, naye huketi kuuchambua upya kabla karani wa mizani hajaandika kilo zake kitabuni.